Kabla hawajaizima ile mashine

Dar es Salaam

Ndugu yangu Selemani,

Salamu nyingi, na unisalimie nyumbani. Picha za ile mashine ya injeksheni ya Ujerumani, ya kusukuma plastiki iliyoyeyuka kwenye moldi (kalibu), nimeziona. Bei si mbaya, ila usikubali izimwe kabla mtu wako hajafika na kuiona ikitoa mali.

Ikiwa bado inawaka, apige picha kila ukurasa wa skrini: joto la kila sehemu ya silinda, shinikizo, kasi, muda, na parameta za ndani ambazo opereta hazigusi. Anakili na kwenye flashi. Mitambo mingi ya zamani hutunza kumbukumbu kwa betri ndogo iliyo kwenye kadi ya elektroniki. Mashine ikilala ghalani kisha baharini, betri ikafa, utapokea chuma kisichojua kazi yake. Betri mpya iwekwe kabla ya safari, na mara nyingi inatakiwa kubadilishwa umeme ukiwa unaingia. Ukiitoa umeme umekatwa, unafuta kile kile ulichotaka kukiokoa.

Nyaya zifunguliwe, zisikatwe. Kila waya uwekewe namba ncha zote mbili, namba ile ile iliyo kwenye mchoro wa umeme. Muuzaji akisema mchoro umepotea, punguza bei, tena sana.

Oili imwagwe yote. Midomo ya hosi izibwe kwa vifuniko, si matambara, maana nyuzi za kitambaa huishia kwenye vali. Kama ina akumuleta, yaani chupa ya chuma inayotunza shinikizo la oili kwa gesi ya naitrojeni, gesi hiyo itolewe na mwenye ujuzi. Maji nayo yapulizwe kwa hewa mpaka kula, yaani kipozea oili, kikauke: yakiganda kwenye baridi ya kule, bomba hupasuka, na huku utashangaa maji yameingiaje kwenye oili. Bamba linalotembea lifungwe kwa kishikio chake cha safari, na zile nguzo nne zipakwe mafuta mazito ya kuzuia kutu. Mbao za kufungia ziwe na muhuri wa HT, yaani zimepashwa nyuzi 56 hadi kiini kwa dakika 30.

Usimwambie dereva wa kreni "tani 200". Hiyo ni nguvu ya kubana moldi. Uzito uko kwenye kibao cha mashine. Pima na kimo: mlango wa kontena refu una takriban mita 2.58, hivyo huenda hopa, lile pipa la juu la kumiminia plastiki, ikabidi ishuke.

Kuhusu umeme, hapa ndipo Mjerumani anapomshinda yule Mmarekani wa bei chee, yaani mashine ya Marekani. Volti 400, hezi 50, sawa na TANESCO. Mota ya volti 480 hezi 60 ingevumilia umeme wetu, kwa kuwa 480 ukigawa kwa 60 na 400 ukigawa kwa 50 zote ni 8, lakini itazunguka pole kwa sehemu moja ya sita, pampu itoe oili pungufu kwa kiasi hicho hicho, na transfoma ya kontroli itoe volti 100 badala ya 120, kontakta, zile swichi za sumaku zinazowasha mota, zianze kutetema.

Ikifika, zege la kuikalia liwe limekwisha kukomaa; siku 28 ndiyo desturi. Isawazishe kwa pimamaji ya mafundi mitambo. Kabla ya kuwasha, pima insulesheni ya mota kwa mega (kipima insulesheni) ya volti 500, invata (kidhibiti kasi cha mota) na kadi zikiwa zimetenganishwa. Chini ya megaohmu 1, kausha kwanza. Oili, hata ya pipa jipya, ipite kwenye chujio la maikroni 10. Jaza oili hata ndani ya pampu yenyewe, kisha gusa swichi kidogo tu uone kama mota inafuata mshale wake: ikizunguka kinyume, pampu itasagika ikiwa kavu.

Jambo wengi hulisahau ni joto letu. Kile kipozea oili kilipangiwa maji ya baridi ya Ulaya, na mnara wa kupoozea hauwezi kushinda unyevu wa hewa ya pwani. Weka chila, yaani mashine ya kupoza maji kama friji, kwenye bajeti tangu sasa. Na kabla ya kufunga moldi, jaribu milango ya usalama: ukifungua, kila kitu kisimame. Swichi za milango hiyo mara nyingine huwa zimerukwa kwa kuunganisha nyaya moja kwa moja, kazi ya mafundi wenye haraka.

Nitumie picha ya kibao cha mashine na cha mota kuu kabla hujatoa arbuni.

Wako,
Juma