Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani

Mheshimiwa Profesa Celeste Saulo,

YAH: KUTAJA MIAKA INAYOTUMIKA KUPATA WASTANI WA JOTO

Nakuandikia kuhusu maneno yanayosomwa katika taarifa za hali ya hewa kila mwezi: "juu ya wastani". Naomba yasitolewe tena kwa umma bila kutajwa miaka ambayo wastani huo umekokotolewa.

Shirika lako limeweka utaratibu kwamba wastani wa tabianchi utokane na vipimo vya miaka 30 mfululizo, na sababu yake ni nzuri. Joto la mwaka mmoja linaweza kupandishwa na El Niño (maji ya Bahari ya Pasifiki yanapopata joto kuliko kawaida) au kushushwa na volkano, kama ilivyokuwa baada ya mlima Pinatubo wa Ufilipino kulipuka mwaka 1991, dunia ikapoa kwa muda. Lakini miaka 30 humeza kupanda na kushuka huko, na kinachobaki ndicho tunachoweza kukiita tabianchi.

Ugumu unaanza pale kipindi chenyewe kinapohama. Zamani kilikuwa 1961 hadi 1990, sasa ni 1991 hadi 2020, na kila baada ya miaka kumi husogezwa tena. Kwa anayepanga kilimo au umeme wa msimu ujao, kuhama huko kuna manufaa, kwa kuwa anahitaji kulinganisha na hali anayoishi nayo. Kwa anayetaka kujua dunia imetoka wapi, kunaficha jambo zito: wastani wa joto la dunia katika kipindi kipya umeuzidi ule wa kipindi cha zamani kwa takriban nusu nyuzi, hivyo mwaka unaoandikwa leo kuwa wa kawaida ungehesabiwa kuwa wa joto kwa kipimo cha awali.

Nusu nyuzi si kitu kidogo. Takriban miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipofunika sehemu kubwa ya Amerika ya Kaskazini na kaskazini mwa Ulaya, wastani wa dunia ulikuwa chini kwa nyuzi 5 hadi 7 tu kuliko kabla ya zama za viwanda.

Mimi mwenyewe niliwahi kusoma taarifa mbili za mwezi mmoja zenye tarakimu tofauti, nikaamini kwamba mojawapo ilikuwa ya uongo. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba NASA, shirika la anga za juu la Marekani, hulinganisha na miaka ya 1951 hadi 1980, NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, na karne nzima ya 20, na Copernicus, huduma ya Umoja wa Ulaya ya kufuatilia tabianchi, na 1991 hadi 2020. Zote zilikuwa kweli. Msomaji asiyeambiwa hilo huondoka akidhani wanasayansi wanagombana, na shaka ya namna hiyo ni ngumu kuiondoa ikishakaa.

Shirika lako lilipotangaza kwamba mwaka 2024 ulizidi wastani wa 1850 hadi 1900, kipindi kinachowakilisha hali ya kabla ya zama za viwanda, kwa takriban nyuzi 1.55, lilitaja kipindi hicho na kufafanua kwamba kikomo cha nyuzi 1.5 cha Mkataba wa Paris, makubaliano ya mataifa ya kudhibiti ongezeko la joto la dunia, kinahusu wastani wa muda mrefu, si mwaka mmoja. Uangalifu huohuo ndio ninaouomba katika taarifa za kila mwezi za nchi wanachama. Siombi jambo geni, kwa maana Mkutano Mkuu wa Shirika lako wa mwaka 2015 uliamua kwamba 1961 hadi 1990 ibaki kuwa rejeo la kudumu la kupima mabadiliko ya muda mrefu. Kinachohitajika ni tarakimu inayolinganishwa na rejeo hilo kuchapishwa kando ya ile inayolinganishwa na kipindi cha sasa.

Naomba pia joto la juu na la chini la siku lisiachwe nyuma ya wastani. Mahali panapocheza kati ya nyuzi 18 na 22 na mahali panapotoka 5 hadi 35 pote huandikwa wastani wa 20, ingawa mazao na watu wa sehemu hizo hawaishi maisha yanayofanana. Aidha, katika maeneo mengi ya nchi kavu tangu katikati ya karne iliyopita, usiku umepata joto kwa kasi kuliko mchana, na badiliko hilo halionekani kabisa katika tarakimu moja ya wastani, ilhali ni usiku ndipo mwili uliochoshwa na joto hutegemea kupumzika.

Natanguliza shukrani kwa kuyapokea maombi haya mawili.

Wako mwaminifu,
Msomaji wa taarifa za hali ya hewa