Kabla hujanunua sprei nyingine ya harufu nzuri, soma hapa kwanza

Kila wiki tunapata meseji za aina hii, "habari, nyumba yangu inanuka uvundo, mna dawa gani ya kupuliza?" na sisi huwa tunajibu kwa swali, je kuna sehemu humo ndani inapata maji na haitakiwi kupata maji? Wengi wanasema hakuna, pakavu kabisa. Tukifika tunaikuta. Kwa miaka yote tuliyofanya kazi hii ya usafi sijawahi kukuta uvundo umekuja wenyewe, lazima pana unyevu mahali, na ukishaupata huo unyevu kazi ngumu imeisha, iliyobaki ni kusugua na kuanika tu.

Kile unachokisikia puani ni gesi ndogondogo zinazotolewa na ukungu, wengine wanaita koga au kuvu. Ukungu ni kitu hai, unakula mbao, karatasi, gundi, ngozi, nguo za pamba, mpaka lile vumbi lililoganda nyuma ya kabati, na kadri unavyokula ndo unavyotoa hizo gesi. Unaijua ile harufu ya udongo mvua ikianza kunyesha? Ndani yake kuna kitu kinaitwa jiosmini, kinatengenezwa na bakteria wa udongoni na kuna aina za ukungu nazo zinakitoa, na pua ya binadamu inakinasa hata kikiwa kidogo mno, ndo maana unaweza ukasikia harufu chumba kizima halafu doa lenyewe ni dogo kama kiganja na limejificha nyuma ya kitanda.

Mbegu za ukungu zimejaa hewani kila mahali, nyumba safi zipo, nyumba chafu zipo, huwezi kuzimaliza hata ufanyeje. Zinachosubiri ni maji. Kitu kikilowa kikakaa masaa 24 mpaka 48 hakijakauka, ukungu unaweza kuanza kuota hapo. Yaani siku mbili tu. Kwa hiyo bomba likipasuka Ijumaa usiku na zulia ukaliacha chini ukisema utaliangalia Jumatatu, umeshachelewa.

Sasa sprei inafanya nini hapo? Inaongeza harufu ya pili juu ya ile ya kwanza, baada ya lisaa manukato yanapotea uvundo unabaki pale pale. Mishumaa na udi ni hivyo hivyo. Sisemi ni vibaya, nyumba kunukia ni raha, ila ukungu hausikii manukato, unaendelea kula ukuta wako taratibu.

Kingine, usiiamini sana pua yako. Ukikaa na harufu muda mrefu pua inaizoea na haikuambii tena kama ipo, kwa hiyo mwenye nyumba mara nyingi ndo wa mwisho kujua. Wakati mzuri wa kujua ni ukirudi kutoka safari, ile dakika ya kwanza ukifungua mlango, simama hapo hapo uvute hewa kabla hujafungua dirisha hata moja. Au muulize rafiki atakayekwambia ukweli bila kukuonea aibu.

Kutafuta chanzo. Hapa naomba uwe mvumilivu kidogo maana ndo penyewe. Funga madirisha na milango ya vyumba usiku kucha, asubuhi ingia chumba kimoja kimoja, harufu ilikozidi ndo anza hapo. Usinuse ukiwa umesimama katikati ya chumba, inama, fungua kabati la chini ya sinki uingize kichwa, nusa zile bomba zinapoingia ukutani, vuta kabati la nguo uangalie mgongo wake, nyanyua kona ya kapeti ushike kwa chini kama pana ubaridi, godoro ligeuze. Shika na ukuta kwa mkono. Rangi iliyovimba kama malengelenge, unga mweupe unaodondoka chini ya ukuta, dari lenye duara la rangi ya chai, hizo zote ni alama za maji.

Kama unahisi bomba linavuja ndani ya ukuta ila hulioni, funga koki zote za nyumba nzima, hakikisha tangi la choo limejaa na limeacha kuvuta maji, soma namba kwenye mita ya maji, kaa kama masaa mawili bila mtu kutumia maji kisha soma tena. Namba ikisogea jua maji yanatoka mahali, mwite fundi bomba kabla hata hujatuita sisi.

Kuna mtihani mwingine naupenda sana na hauna gharama. Ukuta au sakafu ikiwa na unyevu na hujui unatokea wapi, chukua nailoni safi ukubwa wa gazeti, ibandike hapo kwa gundi tepu pande zote nne isipitishe hewa, iache siku moja mpaka mbili. Ukikuta matone upande wa juu wa nailoni, upande wa chumbani, basi maji yanatoka kwenye hewa ya humo humo ndani, dawa yake ni hewa kuzunguka. Ukikuta matone upande wa chini uliogusa ukuta, maji yanapenya kwenye ukuta wenyewe, hapo utafute bomba, paa, mfereji wa paa ulioziba, au ardhi ya nje inayoelekeza maji ya mvua kwenye msingi badala ya kuyapeleka mbali. Haya matatizo mawili yanafanana kwa macho ila tiba zake ni tofauti kabisa, na watu wanapoteza hela nyingi kutibu moja wakati wanaumwa lingine.

Hilo la hewa wengi hawalielewi nalielezea kidogo. Hewa ya joto inabeba maji mengi kuliko ya baridi. Kwenye nyuzi 30 mita moja ya ujazo ya hewa inaweza kubeba mvuke kama gramu 30, kwenye nyuzi 10 haifiki hata gramu 10. Sasa mmepika, mmeoga maji ya moto, mmeanika nguo ndani, mmelala watu wanne mnapumua usiku kucha na madirisha yamefungwa, hewa imeshiba maji, halafu inaenda kugusa ukuta wa nje ambao ni baridi. Inayaachia hapo hapo. Na mara nyingi hapo ndo kabati la nguo limesukumwa likagusa ukuta, hakuna upepo unaopita nyuma yake, ukungu umepata nyumba. Liache kabati wazi upana wa kiganja kutoka ukutani, usilijaze nguo mpaka mlango haufungi, na usirudishe ndani nguo ambayo haijakauka vizuri.

Kama unaweza kupata haigromita, kile kipimo kidogo cha unyevu wa hewa, nunua, ni kitu kidogo ila kinasema kweli. Inatakiwa isome kati ya asilimia 30 na 50, isizidi 60. Ikikaa juu ya 60 siku nzima basi fungua madirisha ya pande mbili ili upepo upite kabisa, washa feni ya kutolea hewa bafuni na uiache iendelee hata baada ya kuoga, na kama hewa ya nje nayo ina unyevu mwingi kuliko ya ndani hapo kufungua dirisha hakusaidii, itabidi mashine ya kukausha hewa au kiyoyozi.

Niwasimulie kazi moja. Dada mmoja alituita, sebule ilikua inanuka, alishafua kapeti mara mbili, akabadilisha makochi yote, akapiga rangi upya, bado. Alikua karibu kulia kiukweli, maana kila mgeni akija anaanza kuomba radhi kabla mgeni hajakaa. Tulizunguka sebule yote hatukuona kitu. Mwisho mwenzetu mmoja akaenda upande wa pili wa ule ukuta, kumbe ni bafu, ile silikoni kati ya beseni la kuogea na ukuta imeachana mwanya mdogo hata kadi ya simu haipiti, kila mtu akioga maji yanaingia humo kidogo kidogo yanatokea kwenye ubao wa chini ya ukuta wa sebule. Tulipong'oa ule ubao nyuma yake kulikua kweusi tii. Silikoni mpya, ubao mpya, ukuta ukaachwa wazi na feni mpaka ukakauka kabisa, harufu ikaisha. Makochi yake ya zamani hayakua na kosa lolote, na hilo ndo liliniuma.

Kusafisha sasa. Doa likiwa dogo, chini ya kama mita moja ya mraba, unaweza kufanya mwenyewe. Vaa barakoa ile nzito ya N95, glavu, na miwani ya kuziba macho, fungua dirisha. Lowanisha kwanza, usisugue ukungu mkavu maana unarusha mbegu chumba kizima. Kwenye marumaru, kioo, chuma, plastiki, maji na sabuni na brashi vinatosha kabisa, ila baada ya hapo kausha, usipokausha umeumwagilia. Kama eneo ni kubwa kuliko hapo, au maji yaliyoingia ni ya choo, au nyumbani kuna mtu mwenye pumu, usijaribu, tafuta wenye vifaa, sisi au wengine.

Bliichi watu wanaipenda mno na mimi pia zamani nilikua naimwaga kila mahali. Kwenye marumaru sawa. Kwenye mbao, jipsamu na saruji iliyonyonya maji inang'arisha juu tu, rangi nyeusi inapotea unafurahi, ukungu wa ndani unabaki na umeuongezea maji, mwezi ujao umerudi. Jipsamu iliyooza haisafishiki, inakatwa inatupwa. Na tafadhali sana, usichanganye bliichi na siki wala na sabuni yoyote yenye amonia, inatoka gesi ya sumu, inaunguza mapafu, na bafu ni chumba kidogo hutapata hata muda wa kutoka. Rangi pia usipake juu ya ukungu, itabanduka tu.

Godoro, mito, makochi, vitoe juani siku nzima pande zote mbili, jua na upepo vinafanya kazi ambayo hakuna chupa inaifanya. Kwa harufu iliyobaki nyunyiza baking soda, acha usiku kucha, vuta na vakyumu. Nguo zilizolala zikanuka, zifue na kikombe cha siki nyeupe kwenye maji ya kusuuzia kisha anika nje, bila bliichi hapo nimeshasema. Kama kitu kiliota ukungu mpaka ndani ya sponji, najua inauma, ila kitupe.

Mashine ya kufulia watu wanaisahau. Vuta ule mpira wa mlangoni uangalie mikunjo yake kwa ndani, utakuta utelezi mweusi. Futa, kisha zungusha mashine tupu kwa maji ya moto kabisa, na kuanzia leo mlango wake na kile kidroo cha sabuni viache wazi mkimaliza kufua. Kiyoyozi pia, kama uvundo unakuja pale tu unapokiwasha basi tatizo liko kwenye filta, au kwenye trei ya maji ambayo bomba lake la kutolea limeziba, hapo usihangaike na kuta.

Ila sio kila harufu mbaya ni ukungu. Ikinuka kama mfereji wa maji machafu na ni bafu lisilotumika mara kwa mara, huenda yale maji yanayokaa kwenye kona ya bomba chini ya sakafu yamekauka, mwaga lita moja au mbili za maji kwenye tundu la sakafu uone. Ikinuka kama mayai viza na unatumia gesi ya kupikia, usiwashe wala kuzima taa, fungua mlango, toeni watu nje, piga simu ukiwa nje. Na harufu ya kama samaki au plastiki inayoungua karibu na soketi ni umeme, zima swichi kuu uite fundi umeme.

Kuna wanaouliza mashine za ozoni, zile zinazojaza chumba gesi ya ozoni ili kuua harufu. Sisi hatuzitumii kwenye nyumba za watu. Ozoni inachoma njia ya hewa, na ukiwa na ukuta uliolowa harufu itarudi hata kama ulipitisha mashine siku tatu.

Ukiamua kutuita, naomba kitu kimoja tu. Tangu jana yake usipulize chochote, usichome udi, usideki kwa sabuni yenye manukato, na kile chumba kinachokusumbua kifunge usiku kucha. Najua unaona aibu kutukaribisha kwenye nyumba inayonuka, lakini hiyo harufu ndo tunayoifuata mpaka kwenye maji, ukiificha tunakuja kutafuta gizani.