Kumbukumbu za bahari ziko chini ya Kisauni

Mhariri,

Ukurasa wenu wa sayansi Jumapili iliyopita ulisema anayetaka kujua hali ya hewa ya kale sharti akachimbe barafu ya Greenland. Mimi nimechimba miaka 31, ila si barafu. Nimechimba visima Kisauni, Mtopanga na Mwandoni, na nina la kuongeza.

Mwaka 1996, futi 22 chini ya ua wa jirani yangu, sururu iligonga tumbawe zima la mviringo, kubwa kama sufuria ya pilau ya harusi, limesimama vile vile lilivyoota. Nikalipasua kwa mtalimbo, nikamuuzia mchoma chokaa. Sikujua.

Baadaye alikuja kijana wa chuo kuomba vipande. Nikampa kile nilichokiona kizuri kuliko vyote, kinameta ndani kama sukari. Akakigeuzageuza juani, akanirudishia. "Hiki kimenyeshewa, mzee. Hakinifai." Nilicheka. Nimekitoa futi 20 ndani ya mwamba, kinyeshewe wapi? Akaketi juu ya ndoo yangu akanieleza.

Mwamba wa pwani yetu ulijengwa na matumbawe yaliyokuwa hai, na sehemu yake kubwa huhesabiwa kuwa ya miaka kama 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita 6 hadi 9. Umri huo haukisiwi kwa macho. Tumbawe likiwa hai hufyonza uraniamu kidogo, aina ya madini, katika maji ya bahari, lakini thoriamu, madini mengine, ni kama halipati kabisa, maana karibu haiyeyuki majini. Miaka ikipita, uraniamu hugeuka kuwa thoriamu polepole. Ukipima kila moja iko kiasi gani, umepata umri.

Joto nalo husomwa katika oksijeni. Iko nyepesi na iko nzito. Maji ya bahari yakipata joto, ile nzito hupungua ndani ya jiwe. Na dunia ikipoa, maji yenye oksijeni nyepesi hupanda kama mvuke kwa urahisi zaidi, huanguka theluji huko mbali, yakafungiwa katika barafu. Bahari hubaki na nzito. Kwa hiyo hata hiyo barafu mnayoisifu imeacha alama yake kwenye mawe ya bahari.

Miaka kama 20,000 iliyopita barafu ilizidi hata bahari ikashuka mita 120 hivi. Kilindini na Tudor yalikuwa mabonde ya mito. Likoni ungeteremka kwa miguu, hakuna kugombania feri. Mwamba wetu ukabaki nchi kavu unanyeshewa miaka nenda miaka rudi, na maji ya mvua huliyeyusha jiwe la awali na kulijenga upya kwa oksijeni yake yenyewe, si ya bahari. Ndiyo ile sukari yangu: jiwe la kupendeza, shahidi wa uongo.

Mashahidi wa kweli hawako mbali. Mwaka 2000 watafiti kadhaa, akiwemo Nyawira Muthiga wetu, walichapisha historia ya miaka 194 ya joto la bahari iliyosomwa katika tumbawe la Malindi, wakaona joto la huko likipanda na kushuka pamoja na la Pasifiki. Mwaka 2007 wengine wakapima bariamu katika tumbawe la huko huko, kwa kuwa bariamu, madini ya udongoni, huletwa na udongo wa Mto Sabaki, unaoshuka kutoka bara kupitia Ukambani. Wakaona mmomonyoko wa ardhi ya bara umeongezeka sana baada ya mwaka 1900 hivi. Yaani jiwe lililo baharini Malindi linajua yaliyotendeka kwenye mashamba ya Ukambani!

Sasa lalamiko langu. Mwezi uliopita mkandarasi mmoja alikata mwamba huku kwetu apitishe barabara. Ukuta ukafunuka umejaa matumbawe yaliyosimama wima, na makombe bado yamefumba midomo. Wiki haikwisha, wakaanza kuupaka saruji. Nilimwomba msimamizi aache hatua tano tu, pale karibu na skuli, watoto waone. Akaniuliza kama nina barua.

Barua ndiyo hii. Upande wa kushoto bado haujapakwa.

Mchimba visima mstaafu,
Kisauni, Mombasa