Wapiga besi watano chumbani si kelele

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni akiwalalamikia wapiga besi wanaokutana mtaani kwake siku za Jumapili. Alikuwa na malalamiko mawili. La kwanza ni mtikisiko, na hilo nitalirudia huko mbele kwa sababu ana haki. La pili ni kwamba gita la besi ni chombo cha kusindikiza tu, kwa hiyo wapiga besi watano kujifungia pamoja bila solo na bila mwimbaji ni sawa na kusonga ugali sufuria tano bila mboga. Mfano huo umenichekesha, maana nimepiga besi katika bendi za dansi kwa miaka mingi na ninajua kwamba sisi ndio ugali wenyewe: ukiwapo mezani hakuna anayeusifu, ukikosekana hakuna anayekula. Hata hivyo hoja yake siikubali, na nakiri mapema kwamba mimi ni mmoja wa hao watano.

Mara ya kwanza tulipokutana tulistahili kulaumiwa. Tulikuwa wazee wawili tuliotoka kwenye dansi, kijana anayepiga katika kwaya ya kanisani, mwingine anayepiga hotelini, na wa tano fundi umeme ambaye hajawahi kupanda jukwaani lakini ana gita la nyuzi 5 zuri kuliko yetu sote. Tulikubaliana kuanzia noti ya A, kila mmoja akapiga alichokijua, na ndani ya dakika mbili kilichotoka kwenye spika kilikuwa uji mtupu. Hatukuwa wabovu. Kila mtu peke yake angesikika vizuri, ila tulikuwa tumesahau tabia ya sauti nene. Uzi wa A wa gita la besi, ukipigwa bila kubanwa, hutikisika mara 55 kwa sekunde. Mwenzako akiwa amelegeza au kukaza wake kidogo tu ukafika 57, sauti hizo mbili hazitasikika kama noti mbili. Zitasikika kama noti moja inayovimba na kunywea mara 2 kila sekunde, na watano mkiwa hivyo chumba kizima huanza kupumua kama mgonjwa wa pumu. Tena, hata nyuzi zikiwa zimelingana barabara, ukipiga do na mi pamoja kule chini kabisa utapata mngurumo, kwa kuwa sikio hushindwa kuzitenganisha noti nene zilizokaribiana. Mi hiyohiyo ikipandishwa oktavo moja, yaani hadi mi inayofuata juu yake, mngurumo unakwisha na unasikia watu wawili wanazungumza.

Basi kazi ya kwanza ya wapiga besi waliokutana ni kugawana nafasi, na mgawanyo wenyewe hatukuutoa mbali. Muziki wetu wa dansi umejengwa hivyo. NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo leo tunaiita Msondo Ngoma, na Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978 na kujulikana kwa mtindo wake wa Sikinde, zote ni bendi ambazo magita hayapigi kitu kimoja. Katika Sikinde utasikia solo, chini yake solo la pili, kisha rizimu, kisha besi, na kila gita lina mstari wake mfupi unaojirudia ambao ukiusikiliza peke yake unaonekana una matobo. Matobo hayo hayakuachwa kwa bahati mbaya. Pale solo linapovuta pumzi ndipo solo la pili linapojibu, na pale rizimu inapokata ndipo besi inapoingia, kiasi kwamba asiyejua huweza kudhani anamsikia mtu mmoja mwenye vidole arobaini. Sisi tulichukua utaratibu huo tukaugawa kwa besi tupu: mmoja anashika noti za chini na haruhusiwi kuzunguka, wa pili anapanda juu ya fleti ya kumi na mbili (fleti ni vile vyuma vyembamba vinavyokata shingo ya gita) na kupiga kama solo la pili, wa tatu anazima nyuzi kwa kiganja na kuzigonga badala ya tumba, wa nne anajibu mwisho wa mstari tu. Wa tano hapigi.

Huyo asiyepiga ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote, na ningependa msomaji mwenzangu aje akae kwenye kiti chake siku moja. Gita analo mkononi, waya umechomekwa, naye anatakiwa kusikiliza dakika kumi nzima kisha aeleze nani alikuwa anakimbia, nani alikuwa anamfuata nani, na noti ipi ilikuwa imezidi. Fundi umeme wetu, ambaye kwa vidole ndiye dhaifu kuliko sote, ametushinda sote kwenye kiti hicho. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba kila ninapokaribia kubadili noti huwa nakaza mkono na kuongeza sauti kidogo, jambo ambalo katika miaka yangu yote jukwaani hakuna aliyewahi kulitaja, labda kwa heshima, labda kwa sababu ya makelele. Kiongozi wetu wa bendi ya zamani alikuwa na mazoea ya kusema mazoezini kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, nasi vijana tulidhani anatutania kwa methali za wazee. Kumbe alikuwa anatufundisha besi.

Mpiga besi wa dansi, kwa kweli, huanza kusikiliza mambo ambayo hayajatokea bado. Rumba ilitufikia kutoka Kongo, na Wakongo nao waliisikia Kuba kupitia sahani za santuri zilizoingia kwao kabla ya uhuru, na katika safari hiyo yote ilibaki tabia moja ya besi ya Kikuba: kutokukanyaga pigo la kwanza. Mpigaji hupiga noti ya kipimo kinachofuata, yaani kundi la mapigo linalofuata, kabla kipimo hicho hakijafika, kisha anaiacha ielee juu ya pigo la kwanza huku tumba zikilijaza. Anayecheza dansi huhisi anavutwa mbele bila kujua nani amemvuta. Lakini ili uweze kupiga noti ya kesho leo, ni lazima uwe unamsikia mwimbaji anavyovuta pumzi na mpiga solo anavyoelekea kumaliza, la sivyo utawahi peke yako na bendi itakushangaa. Kijana wetu wa kwaya alikuwa na tabu hapo. Nyimbo alizozoea zinataka besi itue sawasawa kwenye pigo la kwanza, na mwezi mzima alikuwa akitua. Hatukumfundisha kwa maneno. Tulimnyang'anya tu pigo hilo kwa kumpa mwenzake alipige, na yeye akalazimika kutafuta pengine pa kukaa.

Zamani shule hii ilikuwapo bila kuitwa shule. Bendi nyingi kubwa zilikuwa mali ya mashirika, jumuiya au viwanda, vyombo vilikuwa vya mwajiri, na wanamuziki walilipwa mshahara na kuhudhuria mazoezi kama wafanyakazi wengine wanavyohudhuria kazini. Redio Tanzania Dar es Salaam ilipowarekodi, bendi nzima ilipiga kwa pamoja wimbo kutoka mwanzo hadi mwisho, na mmoja akikosea wote walirudia. Sijui adhabu gani ingeweza kumfundisha mtu kusikiliza wenzake haraka kuliko kuwatazama watu kumi na wawili wakirudia wimbo kwa ajili yake. Leo kijana hurekodi besi yake peke yake chumbani, juu ya mdundo uliokwisha kutengenezwa na kompyuta, na akikosea anafuta sekunde mbili tu. Siwalaumu, kwa kuwa studio za namna hiyo zimewapa riziki wengi. Nasema tu kwamba mdundo wa kompyuta haukusikilizi. Unaweza kuukimbia au kuubakia nyuma, wenyewe hautageuka kukutazama.

Sasa nirudi kwenye mtikisiko. Noti ya chini kabisa ya gita la nyuzi 4 hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita 8, yaani linazidi upana wa sebule nyingi za Dar es Salaam. Wimbi kama hilo halizuiliwi na pazia wala na trei za mayai ambazo vijana hubandika ukutani. Linapita, na likipita hujikusanya zaidi kwenye kuta na pembe za chumba cha jirani. Ndiyo maana mpigaji aliyesimama mbele ya amplifaya yake huweza kudhani hasikiki, wakati mama wa nyumba ya pili anaona vikombe vinacheza kabatini. Hata kwenye kumbi jambo hili limeharibu maonyesho mengi: mpiga besi hajisikii, anaongeza, wa solo naye anaongeza, mwimbaji anapiga kelele, na saa tano usiku hakuna anayeelewa maneno ya wimbo. Kiongozi wetu niliyemtaja alikuwa na dawa yake. Wakati wa majaribio ya vyombo alimwambia mtu mwingine ashike besi yangu, kisha akanituma nitembee hadi ukuta wa mwisho wa ukumbi, karibu na vyoo, nikasikilize kile ambacho watu waliolipa kiingilio wangekisikia. Nilirudi nikapunguza bila kuambiwa. Mafundi mitambo wa siku hizi wangefanya vyema kutembea hivyo kabla ya kushika vitufe, kwani wengi wao huichukulia besi kuwa kitu cha kutikisa kifua tu, na mstari wenyewe hawausikii.

Kwa jirani yetu huyo, basi, naomba radhi kwa niaba ya wenzangu. Tumehamisha mazoezi kutoka jioni hadi saa nne asubuhi, na tumepunguza sauti hadi mahali ambapo mlio wa kidole kikigusa uzi unasikika pamoja na noti. Mabadiliko hayo tuliyafanya kwa ajili yake na yametufaa sisi zaidi, kwa sababu sauti ikiwa ndogo hakuna pa kujificha.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni bure kwa kuwa msomaji wa leo husikiliza muziki kwenye simu, na spika ya simu haiwezi kutoa noti za chini. Ni kweli haiwezi, kama ambavyo redio ndogo za mbao za wazazi wetu hazikuweza. Lakini kila noti nene hufuatana na noti nyembamba zilizo juu yake, na spika ndogo ikizitoa hizo peke yake, ubongo huijaza ile ya chini iliyokosekana. Ndivyo wananchi wa mikoani walivyoimba mistari ya besi za dansi kwa mdomo ingawa redio zao hazikuwahi kuitoa noti ya chini yenyewe. Mstari mzuri huvuka hata kwenye chombo kibovu. Mtikisiko ndio haufiki.

Wala sisi si wa kwanza kukutanisha besi. Marekani, mwaka 2008, Stanley Clarke, Marcus Miller na Victor Wooten, ambao kila mmoja ni bingwa anayejitegemea, walitoa albamu kwa pamoja kama kundi la besi tatu, na ukiisikiliza utaona muda mwingi mmoja wao ametulia chini akiwabeba wawili. Hapa nyumbani, anayetaka kujua kusikiliza ni nini aende Zanzibar akamtazame mpiga besi la mbao wa taarab. Chombo chake hakina fleti, kwa hiyo hakuna mahali palipochongwa pa kuweka kidole. Kila noti anaitafuta kwa sikio huku kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani, na fidla zikipita juu yake. Nilimtazama mmoja wao usiku mzima na sikumwona akiangalia mkono wake hata mara moja.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Waandishi wako wanapoandika habari za maonyesho ya dansi, humtaja mwimbaji, humtaja mpiga solo, siku nyingine hata mnenguaji, na besi huishia kwenye maneno "na wengineo". Waulizeni jina lake, muandike. Na kwa wenye kumbi za mitaa ambazo asubuhi za Jumapili hukaa zimefungwa, tungeshukuru kupewa saa tatu tu kwa mwezi, kwa masharti yenu, maana sebule ya mwenzetu imeshatuzidi: tangu Pasaka tumekuwa saba, na amplifaya bado ni mbili. Atakayependa kuja aje na gita lake na waya wake. Dramu asilete. Viti vya wasiopiga vitakuwa viwili, na kwa wiki za mwanzo huko ndiko mgeni atakakokaa.

Mpiga besi mstaafu,
Magomeni, Dar es Salaam