Treni za modeli si za mabwanyenye pekee

Mhariri,

Kuna msomaji aliandika hapa eti kucheza na treni za modeli ni starehe ya watu wa Karen na Runda, nikacheka, kwa sababu mimi naishi Makongeni na reli yangu yote imekaa juu ya plaiwudi moja tu ile ya futi nane kwa nne unapata kila hadiwea. Pesa inapotea ukinunua vibaya, basi.

Skeli kwanza, yaani treni ya modeli imepunguzwa mara ngapi kutoka ile halisi. HO ni 1:87 na upana wa reli yake ni milimita 16.5, OO ya Waingereza ni 1:76 lakini inatembea kwa reli hiyo hiyo, kwa hivyo unaweza kuchanganya, ila ndoano za mabehewa hazishikani. N ni 1:160, reli milimita 9, inafaa mtu wa bedsita, lakini skrubu ikianguka chini hiyo ni kazi ya jioni nzima. Märklin za HO za Ujerumani ziache hata bei ikiwa tamu, zile zinachukua umeme katikati ya reli na hazitaenda kwa reli yako ya kawaida.

Sasa kichwa, yaani injini inayovuta mabehewa, na hapa ndipo watu wanaliwa. Wanakimbilia seti mpya yenye boksi zuri na miti ya plastiki, wakati kichwa kimoja cha mtumba chenye mota safi kingewatosha mwaka mzima. Beba betri ya volti 9 na waya mbili, omba muuzaji ruhusa, waya moja iguse gurudumu la kushoto na ingine la kulia. Kikinguruma taratibu na magurudumu yazunguke bila kurukaruka, anza kubishana bei. Kikisaga ama kinuke kuungua, mrudishie na umwambie asante. Halafu kipindue uone ni magurudumu mangapi yanaokota umeme, yakiwa mawili matatu tu kitazimika kila mahali kuna vumbi, na Nairobi hii vumbi tunaijua. Reli chukua za nikeli silva, za chuma zikipigwa na unyevu wa mwezi wa nne zinashika kutu.

Ndugu akikutumia seti kutoka Marekani angalia transfoma, kwao ni volti 120 na kwa ukuta wetu ni 240, ukichomeka hivyo hivyo ni moshi. Duka moja hapa tauni lilimuuzia jirani yangu seti kama hiyo bila kumwambia kitu, aliporudi akaonyeshwa kibandiko ukutani, mali ikiuzwa hairudishwi. Pitia barabara ya Luthuli utafute transfoma ya kushusha umeme, ama nunua seti ya Uingereza, plagi yao ndiyo yetu.

Najua wengi wenu mnataka ile Garratt ya 59, kichwa cha mvuke kinachoitwa Mount Gelai pale Makumbusho ya Reli, hata mimi naitaka. Lakini ile ilikuwa ya reli yenye upana wa mita moja, ukiipunguza kwa 1:87 inataka reli ya milimita 12, si hizi zetu. Reli mpya ya SGR upana wake ni milimita 1,435, ndiyo inaingia kwa 16.5 bila shida, kwa hivyo dizeli yoyote ya HO ya bei nafuu ukiipaka rangi za Madaraka Express, treni ya abiria ya SGR, umeanza.

Na kama kuna msomaji anajua fundi wa Kamukunji wa kutengeneza reli za milimita 12, aandike hapa, na aseme bei kabisa.

Msomaji wenu,
Makongeni, Nairobi