Zuwena, mzuie Salim

Wete, 27 Januari 2026

Shoga yangu Zuwena,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sie huku hatujambo sote, alhamdulillah. Bi Mkubwa na miguu yake ile ile, leo nafuu kesho taabu, na joto la kaskazi limetukaba koo. Natumai wewe, watoto na baba yao huko Maskati wazima. Salamu zangu fupi usizitie moyoni, nina jambo la haraka na Salim anapanda ndege Ijumaa.

Nimesikia kwa Mwanajuma (wewe siri humwambii Mwanajuma, unampa atangaze) kwamba umeninunulia laptopu mpya, na mbebaji ndiye Salim. Shoga, kama hujalipa, usilipe. Ile yako uliyonikabidhi bandarini Mkoani, imefungwa kwenye kanga kama mtoto wa siku saba, ingali hai. Barua hii naiandika kwayo. Nakutumia kwa imeli makusudi, maana kwenye WhatsApp ukiona maneno yamezidi mistari mitatu unajibu kidole gumba.

Sasa kaa kitako nikuungamie. Windows yako nimeifuta. Yote. Usipige kelele, picha zako ziko salama, nitafika huko.

Uliniachia na Windows 7. Microsoft waliacha kuihudumia Januari 2020, mimi sina habari, naitumia tu. Baadaye fundi mmoja wa mjini akanitia hofu ya virusi, akanitilia Windows 10, nikalipa. Ah! Tangu siku ile mashine ikawa kama bibi kizee aliyeamshwa usiku wa manane. Naiwasha, naenda jikoni nateleka chai, chai inachemka, nachuja, narudi na kikombe, kile kitaa cha diski kinamweka tu, kinamweka tu. Ikishaamka nako huna raha. RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni zile zile GB 2 ulizoniachia, na Windows peke yake inakula zaidi ya nusu kabla sijafungua hata barua moja.

Oktoba 14 mwaka jana na hiyo 10 nayo ikafika mwisho wake. Nikarudi kwa fundi. Akaniambia 11 haiingii humu: inataka RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, na kidude cha usalama wanachokiita TPM 2.0. Mashine ya 2008 kitu hicho itakitoa wapi? Akaipindua, akaitazama chini, akasema, "Dada, hii kauze kwa kilo." Kwa kilo! Wallahi nilirudi nyumbani nimeipakata.

Unajua kwa nini iliniuma. Tulipokuwa dahalia, Unguja nzima haina umeme tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, ni mashine gani iliyoandika ripoti zetu mbili? Tunapanga foleni ya kuchaji kwenye duka lenye jenereta, tunarudi nayo mbio, na ile taa yake ndogo ya juu ya kioo ndiyo tunayosomea ndani ya chandarua. Ingali inawaka, hiyo taa. Bado ni kubonyeza Fn na PgUp pamoja.

Basi akaja Hamadi likizo, yule mtoto wa dada, sasa ana ndevu. Kaniona napigana nayo, akaniuliza, "Mama mdogo, ngalawa ukiitia shehena ya jahazi, ikizama utailaumu ngalawa?" Kijana ana ulimi, sijui kamrithi nani. Akachomeka flashi, akaiwasha kwa hiyo flashi bila kuigusa diski. Nikaona dirisha jipya, la kijivu, halina mapambo, mfano wa nyumba isiyopakwa chokaa. Nikabonyeza. Ikafunguka. Nikabonyeza tena pengine, ikafunguka. Nikamtazama Hamadi, naye ananitazama kama aliyeniletea mahari.

Hiyo kitu inaitwa antiX. Ni mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, katika jamii ya Linux, umejengwa juu ya Linux kongwe iitwayo Debian, na mwenyewe aliyeianzisha yuko Ugiriki; haiuzwi. Nikamuuliza mbona asinitilie Ubuntu, Linux nyingine, jina nimelisikia, na tena neno lenyewe ni ndugu wa utu wetu. Akasema, "Utu anao, lakini tumbo lake kubwa." Hii antiX ikikaa kitako haijatumwa kitu inakula RAM chini ya MB 300. Nimeitazama kwa macho yangu, kuna kidirisha kinaonesha.

Lakini nimpe mwenye haki haki yake. Dawa kubwa haikuwa antiX, ilikuwa diski. Ile ya kuzunguka, ya GB 160, Hamadi kaitoa kwa skrubu moja tu ubavuni, akatia SSD, diski isiyozunguka, ya GB 120 aliyoitoa kwenye laptopu ya mwenzake iliyopasuka kioo. Zamani chai ilichemka nikarudi. Siku hizi kibiriti sijawasha, imeshaamka. Na alipoifungua kusafisha feni tukakuta vumbi, nywele (zako, ndefu zile), na konyo moja la karafuu. Zima! Bi Mkubwa kacheka mpaka miguu ikasahau kuuma.

Konyo limeingiaje? Naichukua shamba Mtambwe msimu wa kuchuma. Unalijua daftari la Ami Khatib, lile lililolowa likasomeka kurasa za mwanzo tu, wachumaji wakagombana nusura wapigane mapanga. Basi siku hizi mimi ndiye karani. Jioni wakileta, nani kachuma pishi ngapi, kachukua akiba kiasi gani, kabakisha nini, natia kwenye Gnumeric. Ni programu ya mahesabu, ndogo, haina kiburi, inafunguka ukihesabu moja mbili. Mwezi uliopita bwana mmoja kaapa anadai pishi nne zaidi. Nikamgeuzia kioo asome jina lake siku hadi siku. Akasoma taratiiibu. Akasema, "Basi hiyo mashine yako haina haya." Ndiyo sifa kubwa iliyopata kupewa.

Nikwambie na la chuoni, hili utalipenda. Maalim Faki alikuwa akiandika mitihani ya watoto kwa mkono kisha anatoa kopi, na kila kopi hati inazidi kufifia, watoto wanasoma jim kwa ha. Nikamwambia niletee. Ni Alt na Shift tu, kibodi inageuka Kiarabu, maneno yanaanzia kulia bila ugomvi. Hamadi kanitilia herufi zinazoitwa Amiri, nazo ni bure, zimechorwa kwa kufuata chapa za Bulaq, Misri, za mwanzoni mwa karne iliyopita. Maalim kaipokea karatasi, kaivua miwani, kaivaa tena. "Mize, hii umechapishia Misri?" Nikamwambia nimechapishia steshenari ya sokoni, shilingi mia moja moja. Tangu siku hiyo ananiita Bi Matbaa, na kazi haziishi. Malipo ni dua.

Steshenari nako nimekuwa mtu. Flashi zao wote zina vile virusi vya shortcut, folda zako zinageuka vijishale, unadhani kazi imepotea. Kwangu haviingii, vimetengenezewa Windows. Kwa hiyo wananiletea nizisafishe. Watoto wa skuli wanapiga hodi baada ya alasiri: "Bi Mize, flashi yangu inaumwa." Yule fundi wa kuuza kwa kilo naye kaleta yake. Nilimsafishia, lakini nilimkawiza siku mbili.

Sasa mambo mabaya, nisije nikakuuzia mbuzi kwenye gunia. Intaneti ndiyo inayoiua. Si intaneti yenyewe, kurasa. Ukurasa mmoja wa habari siku hizi una matangazo mazito kuliko habari. Firefox naipa tabo mbili. Ya tatu inaanza kukohoa. Nimetia uBlock Origin, kizuizi cha matangazo, yamepungua, pumzi imerudi kidogo. WhatsApp ya kwenye kompyuta nimeitaliki. YouTube siitazami kule kule: nina kitu kinaitwa yt-dlp, nakipa anwani usiku bando likiwa rahisi, kinashusha video ya 360p, yaani picha ya ubora mdogo, asubuhi naitazama kwa mpv, programu ya kuchezea video, bila kukatikakatika. Kuna na zram, inaibana kumbukumbu ikijaa, kama wewe unavyolikalia begi la safari mpaka zipu inakubali. Inasaidia. Lakini kubana kuna mwisho wake, begi ni lile lile.

Na kikao cha walimu kwa video! Wenzangu wananiona nimeganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba, kama samaki changu juu ya meza ya sokoni. Mtu kapiga picha ya kioo. Sasa ndiyo stika, inazunguka kundi zima. Unayo? Najua Mwanajuma kakuletea.

Kwa hiyo ninachokuomba, na hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo, ni RAM tu. Nilikwenda Chake nikanunua ya GB 4, nikatia, mashine ikalia pi pi, kioo cheusi. Nikadhani nimeiua. Nilikaa chini sakafuni sijui nimpigie nani, nikikupigia wewe nikwambie nini? Kurudisha ile ya zamani ikawaka. Mwenye duka kakataa kurudisha fedha, kasema kikishatoka dukani hakirudi. Kumbe kosa ni kwamba mashine hizi za rika lake hazikubali RAM ya GB 4 yenye chipu nane. Zinataka yenye chipu kumi na sita, nane kila upande.

Tafadhali chukua kalamu. Ukipita Ruwi hapo Maskati kwenye vijiduka vya vitu vilivyotumika, ulizia RAM ya DDR3 ya GB 4, ile fupi ya laptopu. Kwenye karatasi yake iwe imeandikwa PC3-8500 au PC3-10600, na iwe 2Rx8, ndiyo yenye chipu kumi na sita. Ukiona 1Rx8, ile ya chipu nane, mrudishie mwenyewe, hata akikuapia. PC4, yaani DDR4, usiiguse kabisa, haiingii hata kwenye tundu. Moja yatosha. Ukiwa na moyo, mbili, maana mwisho wake ni GB 8, na nikifika hapo simtaki mtu. Salim ataitia hata ndani ya soksi.

Betri usinitumie, hiyo ni tamaa. Iliyopo inanipa robo saa umeme ukikatika, natosheka kuhifadhi na kuzima kwa heshima.

Na kama laptopu mpya umeshailipia? Nimelifikiria hili usiku, nikajigeuza kitandani mara… basi, sitasema uongo, nafsi ilitamani. Kioo kipana, kibodi haijafutika herufi, na panya ya kuteleza kwa kidole, maana kile kitufe chekundu cha katikati ya kibodi, cha kusogezea mshale, kimebaki kama fizi. Lakini mpe Nasra. Anasoma kuchora majengo, programu zake hazishiki kwenye kizee changu hata kwa hirizi. Tulijaribu, tukaomba radhi, tukazima. Anakwenda kuomba kompyuta ya chuo saa za usiku na baba yake hapendi. Yule ana haja. Mimi nina hamu tu, na hamu itanipita Ramadhani ikiingia.

Hebu nijibu basi, na usinijibu kwa sauti ya dakika mbili unapika. Umeshalipa au hujalipa? Salim anashukia Unguja au anakuja moja kwa moja mpaka huku? Mdogo kaota meno? Mama mkwe wako bado yuko hapo au kakupa nafasi ya kupumua? Saumu zako umeshazilipa, au ndiyo kama mwaka jana, Shaaban imeingia wewe unahesabu vidole? Ile diski yako ya zamani nimeitia kwenye bati la biskuti pamoja na vyeti vyangu. Nimpe Salim aje nayo au ikae? Picha zote nimezinakili, za harusi, za Forodhani, na ile tuliyokula urojo ukakumwagikia.

Na la mwisho. Humo ndani kuna folda umeliita USIFUNGUE. Lina faili arubaini na moja. Hamadi alitaka kulifungua nikampiga kibao cha mkono. Sijalifungua, Zuwena, naapa. Lakini mimi ni mtu, na usiku mrefu. Nakupa mpaka Ijumaa.

Wako,
Mize