Joto la seva si la bure

Mhariri,

Makala yenu kuhusu vituo vya data, yaani majumba yaliyojaa seva, kompyuta zinazohifadhi na kuendesha huduma za intaneti, ilisema huko Ulaya kaskazini joto la seva hizo linapasha nyumba za watu bure. Neno hilo "bure" ndilo lililonikalisha kuandika. Mimi ni mzaliwa wa Nakuru, ila naishi Odense, Denmark, na rejeta, chuma cha kupashia chumba kilicho ukutani hapa nyuma yangu, inapata maji yake ya moto kutoka kwenye mtandao wa mabomba ya mji, huo mnaousifu. Bili yake naletewa kama ya umeme. Bure sijaiona bado.

Pembeni mwa mji wetu Facebook, ambayo sasa ni Meta, ilijenga kituo kilichofunguliwa 2019. Hewa baridi ya nje huvutwa ndani, ikapita kwenye seva na kutoka na joto lake, na joto hilo huchukuliwa na mabomba ya maji. Tatizo ni kwamba maji hayo huwa ya uvuguvugu tu. Mama angekataa kumwogeshea mtoto mchanga. Hayawezi kutoka hapo yakaja kupasha nyumba yangu Januari. Kwa hiyo kampuni ya joto ya hapa, Fjernvarme Fyn, ililazimika kujenga jirani na kituo jumba la pampu za joto, mashine zinazofanya kazi kama friji: zinanyonya joto kutoka kwenye maji yale ya uvuguvugu na kulihamishia kwenye maji mengine mpaka yafike nyuzi 70 hivi. Pampu hizo zinakula umeme. Wakati mradi unapangwa, hesabu ya joto litakalopatikana ilikuwa saa-megawati 100,000 kwa mwaka, za kutosha nyumba 6,900. Si haba hata kidogo, nami nafurahi kwamba joto hilo halipeperushwi angani. Lakini kuna anayelilipia.

Na hata hivyo sifa nyingi mmempa asiyestahili. Kilichowezesha jambo hili ni mabomba, na mabomba yalikuwa chini ya mitaa ya Odense miongo mingi kabla ya kuwapo Facebook. Yalikuwa yakileta maji yaliyochemshwa na mtambo wa Fynsværket, uliokuwa ukichoma makaa ya mawe. Mafuta yalipopanda bei 1973 Denmark iliumia sana, na 1979 ikatunga sheria ya kupanga nyumba zipashwe joto namna gani. Leo takribani theluthi mbili ya nyumba za nchi hii zimeunganishwa na mitandao ya namna hiyo. Mgeni alikuta mkeka umeshatandikwa.

Ni haki niseme kwamba kuna mahali neno lenu linakaribia ukweli. Kule Hamina, Finland, Google ilinunua eneo la kiwanda cha zamani cha karatasi mwaka 2009 na kukigeuza kuwa kituo cha data kinachopozwa kwa maji ya bahari. Mwaka 2024 ilitangaza kwamba joto lake italitoa kwa kampuni ya nishati ya mji bila malipo, na kwamba litakidhi asilimia 80 ya mahitaji ya mtandao wa pale. Joto lenyewe, sawa, bure. Bomba la kulifikisha nyumbani kwa mtu ni habari nyingine.

Sasa nyumbani. Mei 2024 Microsoft na G42, kampuni ya teknolojia ya Abu Dhabi, walitangaza mpango wa kituo kikubwa cha data Olkaria, karibu na Naivasha, penye mvuke wa ardhini, na tangu hapo nasikia watu wakisema joto lake nalo litumike. Kwa nani? Naivasha hakuna mwenye rejeta. Mabwawa ya tilapia yangefaa, maana samaki hao wanapenda maji yaleyale ya uvuguvugu yanayotusumbua Odense. Lakini ardhi ya huko tayari inatoa maji ya moto kupita kiasi. Shamba la maua la Oserian limewahi kupasha vibanda vyake kwa joto la ardhini, na Menengai, karibu na Nakuru, wameonyesha jinsi linavyofuga samaki, kuchemsha maziwa na hata kufua nguo. Nani atanunua uvuguvugu wa seva penye mvuke? Afadhali kituo kilicho Nairobi, ukuta kwa ukuta na hospitali yenye dobi kubwa, au hoteli inayochemsha maji usiku kucha.

Ujerumani hawakungoja hiari. Sheria yao ya 2023 inataka vituo vitakavyoanza kazi kuanzia Julai 2026 vihakikishe angalau asilimia 10 ya nishati yake inatumika tena, na vitakavyoanza kuanzia Julai 2028 asilimia 20. Hapo kituo kinatafutiwa jirani kabla ya msingi kuchimbwa, wakati kiwanja bado kinaweza kubadilishwa.

Mwandishi wenu akialikwa tena kwenye uzinduzi wa kituo cha data, naomba aulize bomba la joto linaelekea mlango wa nani, na nani amelipia kulichimbia.

Msomaji wenu,
Odense, Denmark